Kaka anaitaka kura yangu, na mimi nimewachoka wote

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala mtaa, maana Tanga hii watu tunajuana hadi kwa mlio wa kengele ya baiskeli. Sema tu ni fundi cherehani wa Ngamiani. Mafundi tuko wengi.

Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto watatu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita na aliyenilea ni kaka yangu mkubwa. Ada alilipa yeye, harusi yangu aliisimamia yeye, na cherehani ninayoshonea hadi leo alininunulia kwa fedha za kibarua cha bandarini. Nimeanza na hilo ili ujue kuwa huyu si mtu wa kumjibu ovyo.

Kaka ni mtu wa siasa, upande wa upinzani, tangu vyama vingi viliporudi. Na mimi nilikuwa naye bega kwa bega. Mwaka 2015 niliwashonea bendera bure, usiku, nikishamaliza nguo za wateja. Kitambaa walileta wao; uzi wangu, umeme wangu. Nikapita nyumba kwa nyumba na kina mama wenzangu kumnadi diwani wetu. Akashinda. Kabla muda wake haujaisha tukasikia kwamba ameamua kuunga mkono juhudi, amehamia chama tawala. Hakutuita, hakutuaga. Vipande vya kitambaa vilivyobaki nikavifanya vya kushikia sufuria, na kila nikiepua wali, nikiiona rangi ile mkononi, nakasirika upya.

Mwaka 2025 sikwenda kituoni kabisa. Uchaguzi ujao nataka kwenda. Ila chama cha kaka sikitaki tena, na chama tawala sijawahi kukipigia. Kuna chama kidogo, sitakitaja, chenye mtu anayesemwa atagombea urais. Nimemsikiliza kwenye simu, anaongea bila matusi, anaongea mambo ya bei na ya zahanati. Najua hana nafasi. Ofisi yao hapa mjini ni chumba kimoja na bendera yao imepauka kwa jua. Lakini nikiwaza kumpa kura yangu, moyo unatulia.

Siku nyingine nawaza tofauti: nichukue karatasi zote tatu, nichore mstari kutoka pembe hadi pembe, niandike HAMNIFAI, nitumbukize kwenye sanduku nirudi kwenye cherehani yangu.

Ijumaa moja baada ya swala tulikusanyika kwa mama. Sinia halijaisha, kaka akaanza kutuuliza mmoja mmoja. Akasema, "Safari hii kwenye nyumba hii hakuna kura ya kupotea. Tunampa mwenye nafasi ya kumtoa aliyepo, hata kama humpendi. Kwani unaolewa naye?" Watu wakacheka. Akaongeza kwamba anayempa kura asiyeweza kushinda ni sawa na kumpa aliyepo. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Insha'Allah, kaka." Yeye akaichukua kuwa ni ndiyo. Mama akasema tusimtilie siasa kwenye pilau yake.

Mjomba wetu wa Vanga, upande wa Kenya, alikuwepo. Alinivuta pembeni akaniambia, "Raundi ya kwanza piga kwa moyo, ya pili piga kwa akili." Neno hilo nimelipenda. Mume wangu yeye anasema kura ni siri, itikia ndiyo, ukifika kule fanya yako. Lakini mimi sipendi kumdanganya kaka, na ameshasema siku hiyo atakuwa wakala kwenye kituo chetu.

Naomba unijibu, Shangazi. Kura ya asiyeshinda ni kura iliyopotea kweli? Kuharibu kura ni ujumbe au ni ujinga? Na kaka nimwambie nini?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani ni ya siasa. Umeniuliza habari za kura, lakini humo ndani kuna hasira ya diwani, kuna deni la kaka, na kuna hesabu. Vyote vitatu umevifunga kwenye kanga moja. Ngoja tuifungue taratibu, na nikwambie mapema kwamba sitakutajia wa kumpigia. Wa kukuambia hivyo unaye tayari, tena anakupenda.

Nianze na mjomba, kwa sababu neno lake ndilo lililokuingia. Mjomba kasema kweli, ila ni kweli ya kwao. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofikisha, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi. Ukivuka mpaka wa Horohoro kuja huku, mambo ni mengine. Ibara ya 41 ya Katiba yetu inasema aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote ndiye rais, basi. Akipata thelathini na tano katika kila mia na wengine wakagawana zilizobaki, ameshinda. Raundi ya pili ya kutumia akili haipo huku. Moyo na akili vinaingia kituturini siku moja.

Na hata kwao, mjomba asijiamini sana. Uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022 yote iliisha bila kufika raundi ya pili. Ule wa 2022 William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, yaani kamba ilikatikia karibu kabisa na nusu. Ufaransa nako, mwaka 2002, wapiga kura wa mrengo wa kushoto walijitawanya kwa wagombea wao wadogo wa raundi ya kwanza wakiamini kwamba mkubwa wao, Lionel Jospin, atavuka tu. Akashika nafasi ya tatu kwa asilimia 16.18, nyuma ya Jean-Marie Le Pen aliyekuwa na 16.86. Raundi ya pili ikawakuta wamesimama foleni kumpigia Jacques Chirac, mtu waliyempinga miaka yote, ili Le Pen asiingie Ikulu. Wengi waliopiga kwa moyo siku ile waliumia moyo huohuo.

Kwa hiyo kaka ana hoja, usimdharau. Ukitaka mfano unaompa nguvu, ni Kenya hiyohiyo kabla ya katiba mpya. Mwaka 1992 Rais Moi, aliyekuwa madarakani, alishinda kwa takriban asilimia 36. Wapinzani wake Matiba, Kibaki na Oginga Odinga kwa pamoja walikuwa na zaidi ya 60, lakini kila mmoja na kapu lake. Miaka kumi baadaye wapinzani wakasimama nyuma ya mtu mmoja, na Kibaki akapita kwa asilimia 62. Kaka anapokwambia usimpe asiye na nafasi, historia hiyo ndiyo iliyo kichwani mwake, hata asipoitaja.

Sasa tumuulize na yeye maswali kidogo, kwa heshima.

La kwanza, huyo "mwenye nafasi" anamjuaje? Huku kwetu hakuna tafiti za kuaminika za maoni ya wapiga kura jimbo kwa jimbo. Tunachokiita nafasi mara nyingi ni kelele za kijiweni na wingi wa watu mkutanoni, na wewe ni fundi, unajua fulana na malori yanavyoweza kujaza uwanja. Anayepiga kura kwa hesabu anahitaji tarakimu za kuhesabia. Akizikosa, anakisia tu, na kukisia hata wewe unaweza.

La pili, tulishaijaribu hesabu hiyo hapahapa. Mwaka 2015, mwaka wa bendera zako, vyama vinne vya upinzani viliungana chini ya UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi, vikamsimamisha Edward Lowassa. Akapata karibu asilimia 40. John Magufuli wa chama tawala akapata zaidi ya 58. Yaani hata kura zote za wagombea wadogo zingemwagwa kwa Lowassa, bado zisingefika. Lakini ubunge ulikuwa mchezo mwingine. Vyama vile viliachiana majimbo, na Tanga Mjini ikachukuliwa na CUF, kimojawapo cha vile vinne. Mwaka mmoja, kituo kimoja, wapiga kura walewale: karatasi moja hesabu ya kaka ilifanya kazi, karatasi nyingine haikubadili kitu.

Hapo ndipo ningependa ukae kidogo, mwanangu. Unaandika "kura yangu" kana kwamba ni moja, na kaka naye anaidai moja. Siku ile utapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge, ya diwani. Kila moja ina mashindano yake. Kwenye urais kura yako inaingia katika mamilioni. Kwenye udiwani inaingia katika kata, ambako mtu anaweza kushinda au kushindwa kwa idadi ya watu wanaoenea kwenye harusi moja. Aliyekuumiza ni diwani. Je, hasira ya diwani unataka kuitolea kwenye karatasi ya urais? Inawezekana jibu ni ndiyo, kwa sababu unaona chama kizima ndicho kilichokuletea mtu yule. Inawezekana pia kwamba hujawahi kuzitenganisha.

Ubunge nao una kipengele ambacho watu hawakisemi barazani. Viti maalumu vya wanawake hugawiwa kwa kufuata kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, mradi kifikishe angalau asilimia tano. Kwa hiyo kura uliyompa mgombea ubunge aliyeshindwa Tanga inaweza kumsaidia mwanamke wa chama hicho kuingia bungeni kutoka kwingine. Lakini chama chako kidogo cha chumba kimoja kitafika tano? Kisipofika, kura hiyo haileti kiti. Lipime hilo bila huruma.

Upande wa urais, kura ya asiyeshinda haizai kiti chochote Bara. Zanzibar ni tofauti: tangu 2010 Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili kikitimiza masharti, ndiyo maana mwaka huo Maalim Seif wa CUF, aliyeshindwa urais wa Zanzibar na Dk. Shein wa chama tawala kwa kura zisizofika elfu nne, aliingia serikalini. Sisi wa huku mshindi anachukua vyote. Kitakachobaki kwa mgombea wako mdogo ni jina na tarakimu mbele yake. Wapo wanaoona hiyo ni kitu: vyama vikubwa husoma tarakimu hizo na kujiuliza wale waliondoka kwa nini. Na ukikipa chama kikubwa kila mara, hata kinapokuuza, kitajifunza lini kwamba unaweza kuondoka? Hili ni swali zito na kaka hana budi kulijibu. Ila na wewe ujibu la upande wa pili: adhabu yako ikifanikiwa, aliyepo atabaki miaka mitano. Unaweza kuishi na miaka hiyo? Watoto wako je?

Kuharibu kura sasa. Naielewa raha yake. Sisi wa umri wangu tuliwahi kuwa na pa kuitolea hasira hiyo, maana wakati wa chama kimoja rais alipigiwa Ndiyo au Hapana, na wabunge walisimama wawiliwawili, mmoja alama ya jembe na mwenzake nyumba. Leo Hapana haipo kwenye karatasi. Ukichora mstari na kuandika HAMNIFAI, nikueleze kitakachotokea, maana huenda hujawahi kushuhudia kura zikihesabiwa. Usiku, watu wamechoka, taa moja, msimamizi anainua karatasi moja moja kuwaonyesha mawakala. Ya kwako itainuliwa, mtu atacheka au atasonya, kisha itawekwa kwenye fungu la zilizoharibika. Fungu hilohilo lina karatasi ya bibi aliyeweka alama mbili kwa kutoona vizuri na ya kijana aliyeitumbukiza tupu. Kwenye fomu itaandikwa idadi tu. Neno lako halitaandikwa popote. Waliolisoma ni wale watu wachache chumbani, na mmoja wao ni kaka yako, ambaye mwandiko wako anaujua tangu alipokuwa anakagua madaftari yako.

Sikukatazi. Wapo wanaoharibu kura kwa sababu hawataki mkono wao uwe umeweka alama kwa yeyote, na hilo ni jambo la dhamira, halihitaji msomaji. Kama ndicho unachokitafuta, utakipata. Kama unachotaka ni kusikiwa, basi fikiri nani atakusikia.

Kuna jambo lazima nilitaje, maana bila hilo nitakuwa nimekupa hesabu za darasani. Yote haya, ya kaka na ya kwako, yanasimama juu ya imani kwamba kwenye karatasi yatakuwemo majina yanayoshindana kweli, na kwamba zilizopigwa ndizo zitakazohesabiwa. Mwaka 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi na mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98. Siku zilizofuata unazijua. Uchaguzi wa namna hiyo hauna cha kujumlisha wala kutoa, na sishangai kwamba ulikaa nyumbani. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, Katiba hairuhusu mahakama kuyahoji. Kwa hiyo ukifika wakati wenyewe, kabla ya kubishana moyo au akili, angalia kwanza karatasi itakuwa na nani. Huenda ugomvi wa nyumbani kwenu ukabadilika wenyewe.

Ubishi wa kuingia au kukaa pembeni nao haukuanza na ninyi. TANU ilipokutana Tabora Januari 1958 kujadili kura tatu, utaratibu wa kikoloni uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie katika mchezo wasioupenda, na leo tunauita uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Mwaka 1962 alishindana na Nyerere kwenye urais akaanguka vibaya. Waliobaki walipata walichokitaka, hilo halina ubishi. Lakini mimi siwezi kusema Mtemvu alikuwa mjinga. Alikuwa na kitu ambacho hakuweza kukitia sahihi.

Tumalizie na kaka, ambaye nadhani ndiye aliyekukosesha usingizi kuliko urais.

Shemeji yangu, yaani mumeo, kakupa njia rahisi, na kisheria yuko sawa: kura ni siri na wakala haruhusiwi kukuchungulia kituturini. Lakini matokeo ya kila kituo hubandikwa nje, na kituo kina wapiga kura mia chache. Mgombea wako akipata kura mbili pale, kaka atasimama mbele ya ile fomu akiwahesabu ndugu zake mmoja mmoja kichwani. Siri ya sheria utakuwa nayo. Siri ya familia sikuhakikishii. Na kama ulimwitikia ndiyo, atakachokumbuka ni ule uongo kuliko kura yenyewe.

Waweza kunyamaza. Kunyamaza si kudanganya, na "Insha'Allah" yako haikuwa ahadi, ingawa ulijua ameichukuaje. Waweza kumwambia mapema, faraghani, pasipo mama wala sinia: "Kaka, naomba usiniulize nitampa nani, kwa sababu nikikujibu nitakuudhi au nitakudanganya, na vyote sivitaki." Atanuna. Huenda atanuna wiki nzima. Waweza pia kumpelekea hasira yako yenyewe badala ya kura: mweleze habari ya diwani, bendera, na vile hakuna aliyekuja kuwaomba radhi ninyi kina mama mliozunguka juani. Yawezekana hajui. Wanaume wa siasa huona diwani kahama, hawaoni waliomshonea.

Na hili nakuuliza kwa upole: kaka amewahi kukwambia kwamba cherehani ile inadai kura, au ni wewe umelisema moyoni? Kama hajalisema, usimwekee maneno mdomoni. Kama amelisema, hata kwa utani, basi mna mazungumzo mengine ya kufanya ambayo hayasubiri uchaguzi.

Huyo mgombea wako mdogo pia, usimjue kwa simu tu. Hajakuumiza kwa sababu hajapata nafasi ya kukuumiza. Usafi wake bado haujapimwa. Akija Tanga, nenda. Muulize watu wake wakichaguliwa, hata udiwani tu, ni nini kitakachowazuia wasihame kama yule wa kwenu alivyohama. Usikilize anajibu nini, na umwangalie anavyokutazama wakati anajibu. Kaka naye mwalike mwende wote. Akikataa, nenda na mumeo.